Kiswahili, Kisomali na Kazi Huria: Mhitimu wa Garissa Katika Soko la Tafsiri

Utangulizi

Mwanafunzi yeyote anayesomea Kiswahili katika vyuo vikuu vyetu amewahi kuulizwa, aghalabu na watu wa nyumbani kwake, atafanya kazi gani akishahitimu. Jibu lililozoeleka ni ualimu. Katika eneo la Kaskazini Mashariki mwa Kenya, yaani kaunti za Garissa, Wajir na Mandera ambazo kabla ya mwaka 2013 zilikuwa mkoa mmoja, jibu hilo limebeba historia nzito. Tarehe 22 Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililokuwa limetoka Mandera, na miongoni mwao walikuwemo walimu waliokuwa wakirejea makwao kwa likizo. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika chuo cha Garissa, ambacho wakati huo kilikuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwezi Januari 2020 walimu watatu waliuawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa. Kila baada ya matukio hayo walimu wengi wasio wenyeji waliondoka au walihamishwa, na masomo mengi, Kiswahili kikiwemo, yakabaki bila mwalimu.

Mtu angedhani kwamba pengo hilo ndilo riziki ya mhitimu mwenyeji. Ukweli ni kwamba pengo la walimu si sawa na nafasi ya ajira. Shule huweza kukosa mwalimu wa Kiswahili kwa miaka, na mwenye shahada ya Kiswahili naye akakaa nyumbani kwa miaka hiyo hiyo akisubiri tangazo la Tume ya Kuwaajiri Walimu. Chuo Kikuu cha Garissa chenyewe kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 2017, kwa hivyo idadi ya wanaohitimu bila kuhama kaunti haiwezi ila kuongezeka.

Makala haya hayakusudii kumtoa mtu darasani. Yanadhamiria kueleza jinsi mhitimu wa Kiswahili aliye Garissa anavyoweza kuanza kazi ya kutafsiri, kuhariri na kunukuu sauti akiwa nyumbani kwake, kwa wateja walio mbali naye. Hoja yangu kuu ni kwamba mtaji wa mhitimu huyo si Kiswahili pekee. Kiswahili pekee kina mafundi tele Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam. Mtaji wake ni Kiswahili kilichoandamana na Kisomali, pamoja na ujuzi wa mahali. Asipoutambua mtaji huo, atauza kwa bei ya chini kitu ambacho wenzake wote wanakiuza pia.

Kibarua, mnakili na kazi huria

Kwanza istilahi. Natumia "kazi huria" kwa maana ya kazi ya kitaaluma ambayo mtu huifanyia wateja mbalimbali, kwa makubaliano ya kazi moja moja, bila mwajiri mmoja wala mshahara wa mwezi. Wapo waiitao kujiajiri, lakini dhana hiyo ni pana mno; mama auzaye maziwa ya ngamia sokoni Garissa naye amejiajiri. Katika mazungumzo ya kila siku neno lililo karibu zaidi ni "kibarua", na neno hili linastahili kutazamwa kwa jicho la historia. Kimofolojia ni barua iliyotiwa kiambishi cha udogo. Katika karne ya 19, Unguja na katika miji ya pwani, mtumwa aliweza kukodishwa kwa kazi ya kutwa, akapewa kijikaratasi cha kuthibitisha kazi yake, na ujira wake akagawana na bwana wake. Kijikaratasi kikampa jina yule aliyekishika. Nitalirejelea jambo hili nitakapozungumzia akaunti za kukodisha.

Upande wa pili wa historia hiyo unatia moyo zaidi. Kaskazini mwa pwani, katika visiwa vinavyopakana na eneo letu, kulikuwa na mafundi wa kunakili waliofanya kazi nyumbani kwao. Siyu, katika kisiwa cha Pate, ilisifika kwa nakala zake za Kurani. Lamu ilikuwa na Muhamadi Kijuma, mshairi, mchongaji na mnakili aliyefariki mwaka 1945. Kijuma aliwanakilia tenzi wataalamu wa Ulaya kama vile Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Hichens alikuwa Uingereza, naye Kijuma alikuwa Lamu. Kazi, barua na malipo vilisafiri kwa posta. Leo miswada yake imo katika maktaba za London na Ujerumani. Wahakiki wetu humsoma Kijuma kama mtunzi na mhifadhi wa tenzi, na wana haki. Mimi ningependa asomwe pia kama mtu aliyekuwa na kipaji ambacho wateja wa mbali hawakuweza kukipata kwingine: mwandiko mzuri wa hati za Kiarabu, lahaja ya Kiamu, na kujua nani mjini ana utenzi gani. Hakuuza "Kiswahili" kwa jumla. Aliuza kile ambacho Lamu ilikuwa nacho.

Garissa ina nini cha kuuza?

Takriban kilomita mia moja kutoka mji wa Garissa zipo kambi za wakimbizi za Dadaab, yaani Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizoanzishwa miaka ya 1991 na 1992. Kwa zaidi ya miaka thelathini kambi hizo, pamoja na ukame na mafuriko ya Mto Tana, zimeyavuta mashirika ya misaada na watafiti wa vyuo vikuu. Kila mradi wa namna hiyo huzaa maandishi: hojaji, fomu za ridhaa, vipeperushi vya chanjo, matangazo ya redio, na juu ya yote saa nyingi za mahojiano yaliyonaswa kwenye simu. Aghalabu maandishi hayo hubuniwa kwa Kiingereza, yakahitajika kwa Kiswahili na Kisomali, kisha majibu yakahitajika kwa Kiingereza tena. Hapo ndipo penye soko.

Tuanze na unukuzi, yaani kuandika yale yaliyosemwa katika sauti iliyonaswa. Kazi hii hudharauliwa na wengi kwa kuwa haina hadhi ya tafsiri, lakini ndiyo iliyo wazi zaidi kwa anayeanza. Mfumo wa fonimu za Kisomali hauna /p/, /v/ wala /z/. Msemaji ambaye Kisomali ndicho lugha yake ya kwanza huelekea kusema "besa" kwa pesa, "fita" kwa vita na "sawadi" kwa zawadi. Tuchukue kikundi cha akina mama wanaohojiwa kuhusu mgao wa chakula, mmoja wao akasema: "Sisi bia tulipewa." Mnukuzi aliye Nairobi, asiyekijua Kisomali, anaweza kuandika kwamba wanawake wa Kiislamu wa Hagadera waligawiwa pombe na shirika la misaada. Mnukuzi wa Garissa ataandika "pia" bila kusita. Mteja hatajua kwamba ameepushwa na aibu, kwa hiyo ni juu ya mnukuzi kumweleza jambo hilo mapema, katika barua ya kuomba kazi, kwa mfano mmoja au miwili ya aina hii. Fonolojia tuliyoisoma mwaka wa kwanza, ambayo wengi wetu tuliiona kuwa ya kukariri kwa ajili ya mtihani, hapa inageuka kuwa hoja ya kibiashara.

Katika tafsiri mfano nitakaoupendelea ni wa misimu. Wafugaji wa Kisomali huugawa mwaka katika vipindi vinne: jilaal, kiangazi kikali cha mwanzo wa mwaka, gu', mvua ndefu, xagaa, ukavu wa katikati ya mwaka, na deyr, mvua fupi za mwisho wa mwaka. Kiswahili nacho kina masika na vuli, na mtafsiri mwenye lugha hizi mbili huona mara moja kwamba gu' na masika vinakaribiana, na kwamba deyr na vuli ni ndugu. Shida huja katika ukavu. Hojaji ya Kiingereza huuliza kuhusu "majira makavu" kana kwamba ni mamoja. Ukitafsiri "kiangazi" na kunyamaza, mfugaji mmoja atajibu kuhusu jilaal na mwingine kuhusu xagaa, na takwimu za mtafiti zitakuwa mchanganyiko wa mambo mawili. Mtafsiri hodari humwandikia mteja na kumuuliza: mnakusudia miezi gani? Swali hilo moja lina thamani kuliko kurasa kumi zilizotafsiriwa kimyakimya.

Sharti niseme hapa jambo ambalo wenzangu wa Garissa hawapendi kulisikia. Wengi wetu tunazungumza Kisomali lakini hatukiandiki. Shule za Kenya zimetufundisha kusoma na kuandika kwa Kiingereza na Kiswahili. Kisomali kimebaki cha nyumbani, sokoni na kwenye simu. Hati rasmi ya Kilatini iliwekwa nchini Somalia mwaka 1972, na ndiyo inayotumiwa na mashirika. Ina kanuni zake: c huwakilisha ayn, x ni ile ha ya kooni, q ni qaf. Aliyesoma duksi anazo sauti hizo tayari kupitia Kurani; anachohitaji ni kuzizoea herufi. Ajihadhari tu na dh, kwa sababu dh ya Kisomali si ile ya "dhambi" na "fedha" bali ni /d/ inayotamkwa kwa ncha ya ulimi iliyokunjwa nyuma. Pia urefu wa irabu huandikwa kwa kurudia herufi, na kuuacha ni kosa la maana wala si la urembo. Miezi mitatu ya kusoma habari za Kisomali kila siku na kuandika imla inatosha kumtoa mtu katika hali ya kubahatisha. Kabla ya hapo, asijitangaze kuwa mtafsiri wa kwenda Kisomali. Ajitangaze kuwa mnukuzi wa Kiswahili cha Kaskazini Mashariki, na mtafsiri wa kutoka Kisomali kwenda Kiswahili.

Aidha, Kisomali si kimoja. Ndani ya Dadaab wamo wasemao Kimaay, ambacho mtu wa Garissa anaweza asikielewe. Wamo pia Wabantu wa Kisomali, ambao baadhi yao hukizungumza Kizigua, lugha iliyo jirani kabisa ya Kiswahili. Zaidi ya 10,000 kati yao walihamishiwa Marekani kuanzia miaka ya 2003 na 2004. Kando ya Tana wapo Wamunyoyaya, Wamalakote, Waorma na Wapokomo. Mteja asemaye "lugha ya huko" aulizwe: ya nani?

Bei

Sehemu hii ndiyo inayowashinda wahitimu wetu, na nitakaa nayo kidogo. Tumelelewa katika utaratibu ambao bei ya kazi yetu hupangwa na mwingine: tume, chuo, wizara. Mteja akiuliza "utataka ngapi?" mhitimu hujibu kwa kutazama uso wa mteja, na mtu wa baruapepe hana uso.

Hesabu ianzie nyumbani. Tuseme mtu anahitaji Sh60,000 kwa mwezi za kujikimu na kusaidia jamaa, na gharama za kazi, yaani intaneti, umeme, matengenezo ya tarakilishi na nauli za hapa na pale, ni Sh12,000. Jumla ni Sh72,000. Mwezi una siku 22 za kazi, lakini mfanyakazi huria halipwi siku zote hizo. Nyingine huenda katika kutafuta wateja, kuandika ankara, kusoma na kungoja. Kwa anayeanza, siku 12 zenye malipo ni matumaini ya wastani. Gawanya Sh72,000 kwa 12, utapata Sh6,000 kwa siku. Mtafsiri makini, anayesoma tena alichokiandika, hutoa maneno kama 2,000 kwa siku. Bei yake basi ni Sh3 kwa neno. Tarakimu hizi ni za mfano. Kila mtu aweke zake. Lililo muhimu ni kwamba akiitwa kwa Sh1 kwa neno anajua papo hapo kuwa atahitaji siku 36 za kulipwa katika mwezi, na mwezi kama huo haupo.

Neno la nani, hata hivyo? Hapa mwanaisimu ana faida ambayo mhasibu hana. Kiswahili ni lugha ambishi bainishi. "Sitamwambia" ni neno moja lenye ukanushi, nafsi, njeo, mtendwa na mzizi. Kiingereza huhitaji maneno matano kulisema. Kwa hivyo maandishi ya Kiingereza yakitafsiriwa kwa Kiswahili idadi ya maneno mara nyingi hupungua, ilhali kazi haikupungua hata chembe. Anayelipwa kwa maneno ya matini lengwa anapunjwa na mofolojia ya lugha yake mwenyewe. Mkataba useme wazi: malipo ni kwa maneno ya matini chanzi. Atafsiriye kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza afikirie kinyume chake, aombe kulipwa kwa maneno ya Kiingereza, au atoze kwa ukurasa au kwa saa.

Katika unukuzi kipimo ni dakika ya sauti, na mtego ni ule ule. Saa moja ya sauti safi ya mtu mmoja huchukua saa nne hadi sita kuandikwa. Saa moja ya majadiliano ya watu wanane chini ya mti, upepo ukivuma, mbuzi wakilia, na wasemaji wakiruka kutoka Kiswahili kwenda Kisomali na kurudi, huweza kula siku nzima. Usikubali bei kabla ya kusikiliza dakika tano za sauti yenyewe. Mteja asiyetaka kuzitoa dakika hizo tano ana sababu.

Kazi ya tatu, isiyojulikana sana, ni tafsiri rejeshi: matini iliyotafsiriwa kwa Kiswahili hupewa mtafsiri mwingine, ambaye hakuiona ya Kiingereza, ili airudishe Kiingereza na tofauti zionekane. Watafiti wa afya huitumia sana kwa fomu za ridhaa. Kwa kuwa mtafsiri wa kwanza hawezi kuifanya, wawili wanaoaminiana wanaweza kupeana kazi, na ni sababu nzuri ya kutowaonea wivu wanafunzi wenzako.

Dalali, akaunti na malipo

Soko la mifugo la Garissa ni miongoni mwa makubwa katika nchi yetu, na kila aliyepita pale amemwona dalali. Kazi yake si kuwakutanisha wauzaji na wanunuzi tu. Huwajibika pia iwapo mnyama atagunduliwa kuwa wa wizi. Ndiyo maana analipwa. Katika kazi huria madalali ni wengi, yakiwemo mashirika ya tafsiri, majukwaa ya mtandaoni, na jamaa mwenye cheo katika shirika fulani. Swali la kumpima kila mmoja ni lile la sokoni: mambo yakiharibika, anawajibika?

Serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa Ajira Dijitali mwaka 2016 ili kuwafunza vijana kazi za mtandaoni, na majukwaa ya kimataifa yamewapa wengi kazi yao ya kwanza. Tatizo ni desturi iliyozuka pembeni mwake: kukodi akaunti ya mtu mwingine, aghalabu aliye ng'ambo au aliyetangulia kuipata, na kugawana naye mapato. Sisemi kwamba huo ni utumwa, hakuna anayelazimishwa. Lakini mgawanyo unafanana mno na ule wa kibarua wa Unguja. Fauka ya hayo, sifa zote zinazopatikana kwa kazi nzuri huandikwa kwa jina la mwenye akaunti, na majukwaa mengi hukataza jambo hilo, hivyo akaunti huweza kufungwa ikiwa na fedha ndani. Ni heri kuanza na wateja watatu wadogo kwa jina lako.

Mkataba hauhitaji kuwa mrefu. Uwe na idadi ya maneno au dakika, bei, tarehe ya kukabidhi, tarehe ya kulipwa, na idadi ya marekebisho yaliyomo katika bei. Wazee wa biashara wa pwani wana neno zuri, arubuni, yaani malipo ya awali yanayofunga mapatano. Kwa mteja mpya omba theluthi moja. Mradi mmoja wa utafiti, ambao sina haja ya kuutaja, ulinilipa miezi minne baada ya kuipokea kazi, na sikuweza kufanya zaidi ya kuubembeleza kwa sababu makubaliano yalifanywa kwa simu na msimamizi ambaye alikuwa amekwisha kuhama. Mashirika makubwa hulipa, lakini kwa mwendo wao. Siku 30 baada ya ankara ni jambo la kawaida na inafaa lihesabiwe mapema.

Kwa wateja wa ndani, M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, imeondoa adha nyingi. Wa nje hulipa kupitia benki au PayPal, ambayo tangu mwaka 2018 imeunganishwa na M-Pesa. Watu wa eneo letu hutumia pia hawala, na ni njia ya kuaminika, ila ikumbukwe kwamba Aprili 2015, baada ya shambulio la chuo, serikali ilisimamisha kampuni 13 za kutuma fedha na ikaziruhusu tena miezi michache baadaye. Mwenye kutegemea njia moja tu alikwama. Awe na mbili.

Kuhusu kodi nitasema machache. Pata namba ya PIN ya Mamlaka ya Mapato mapema, kwani hakuna shirika litakalokulipa bila hiyo. Mlipaji wa ndani hukata asilimia 5 ya ada ya kitaaluma inayofikia Sh24,000 kwa mwezi na kuiwasilisha kwa niaba yako. Dai cheti chake, kwa sababu kiasi hicho huhesabiwa katika kodi yako ya mwaka. Tangu mwaka 2024 kampuni nyingi hudai pia ankara ya kielektroniki ya mfumo wa eTIMS. Kujisajili hakuna malipo.

Nyumba yenye watu

Katika maelezo ya kazi huria yanayotoka ughaibuni, nyumba ni mahali tulivu penye meza na kikombe cha kahawa. Nyumba ya Garissa ina shangazi, wageni kutoka Wajir, watoto wa kaka na joto linaloweza kupita nyuzi 35. Mtu aketiye na tarakilishi huhesabiwa kuwa hana kazi, kwa hiyo hutumwa sokoni, hospitalini na kwenye matanga. Kwa mwanamke jambo hili ni maradufu: kazi ya nyumbani humfaa kwa kuwa haimlazimu kusafiri, na humwelemea kwa sababu hiyo hiyo. Sijaona dawa yake ila saa zisizobadilika na zinazojulikana na wote. Wengi hufanya kazi baada ya sala ya alfajiri hadi saa nne asubuhi, kabla ya jua kukaza, na tena usiku. Mama wa nyumba akielezwa kwamba kati ya saa hizo "yupo kazini", na akaona fedha ya kwanza, huwa mlinzi mkali kuliko mlango.

Lipo suala zito zaidi kuliko utulivu. Sauti za mahojiano ya Dadaab ni sauti za watu wanaosimulia vita, ubakaji, ukoo na majina ya waliowatendea. Mji wetu ni mdogo. Msemaji anaweza kuwa binamu ya mgeni aliyelala chumba cha pili. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamhusu mnukuzi kama inavyomhusu mteja wake, lakini hata pasipo sheria, mnukuzi anayesikiliza kwa spika wazi anamweka mtu hatarini. Tumia vipokea sauti vya masikioni, weka nywila kwenye faili, usizitume kwa WhatsApp, na uzifute mkataba ukiisha. Na iwapo utamtambua msemaji, mwarifu mteja na umrudishie sauti hiyo. Ni pesa chache utakazozikosa.

Mapato ya kazi huria huja kwa mawimbi, ilhali ayuuto, ule mchezo wa akina mama wa kuchangishana kila mwezi na kupokezana, hudai kiasi kile kile kila mara. Ayuuto imewanunulia wengi tarakilishi ya kwanza. Kwa anayeanza, ningeshauri mchango mdogo na zamu ya mwishomwisho. Akipokea mapema kisha wateja wakakauka, atadaiwa na watu anaokutana nao kila siku.

Umeme na mtandao sivyo vilivyokuwa. Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009, kituo cha umeme wa jua cha megawati 50 kilizinduliwa Garissa Desemba 2019, na intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza kuuzwa Kenya Julai 2023. Nje ya mji, hasa karibu na mpaka, minara ya simu imeshambuliwa mara kadhaa na mtu anaweza kukaa siku bila mawasiliano. Aishiye huko achukue kazi za muda mrefu, asichukue za saa 24.

Mashine

Google iliingiza Kiswahili katika mtambo wake wa tafsiri mwaka 2009 na Kisomali mwaka 2013, na mitambo ya sasa inaandika Kiswahili fasaha kuliko wahitimu kadhaa. Bei ya tafsiri ya kawaida imeshuka kwa sababu hiyo, na wateja wengine hutaka tu mtu wa kusahihisha kazi ya mashine kwa nusu ya bei. Kazi hiyo ipokelewe kwa saa, si kwa neno, maana kusahihisha tafsiri mbovu kunaweza kuchosha kuliko kuitafsiri upya. Hata hivyo, mashine haikuulizi ukavu wa miezi gani, wala haisikii "pia" ndani ya "bia" pale chini ya mti penye mbuzi. Kadiri kazi inavyokaribia mdomo wa msemaji wa Garissa, ndivyo mashine inavyozidi kupwaya.

Barua ya kwanza

Asiye na kazi ya kuonyesha ajitengenezee. Achukue Sura ya Nne ya Katiba ya mwaka 2010 kwa Kiingereza, atafsiri kurasa tatu bila kuchungulia, kisha alinganishe na Kiswahili rasmi na kuandika maelezo ya pale alipotofautiana nayo na kwa nini. Achukue pia dakika kumi za redio ya eneo lake na kuzinukuu. Hiyo ni sampuli tosha. Barua kwa mteja isizidi nusu ukurasa: lugha zako na mwelekeo wa kila moja, sampuli mbili, bei kwa neno la matini chanzi na kwa dakika ya sauti, maneno unayoyamudu kwa siku, na PIN. Ianze na watafiti wanaosajili miradi yao katika kaunti, hasa wanafunzi wa uzamivu, ambao bajeti zao ni ndogo lakini hulipa wenyewe, hulipa upesi, na huwapeleka wafanyakazi wazuri kwa wasimamizi wao.